Tumebomoa ukuta wa bahari, mita 38. Huu hapa mrejesho, karibuni tujadili

#1 MchangaMwepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimekuja na langu. Kuna kipande cha ufukwe ambacho mimi na wenzangu tumekihangaikia miaka minne. Kilikuwa na ukuta wa zege wa mita 38, wa enzi hizo, uliojengwa ili bahari isile ardhi. Nyuma yake hakuna nyumba wala barabara, ni uwanja wa nyasi na mabenchi mawili. Kibali kikatoka, tukauangusha. Huu ni mwezi wa tano tangu kijiko (ile mashine ya kuchimbia) kiondoke.

Sikuja kujisifu. Nimekuja kwa sababu kila nikimweleza mtu habari hii ananitazama kama nimeezua paa la nyumba yangu huku mvua inanyesha. "Mmebomoa kinga?" Sasa ngoja niseme ninavyoelewa, wenye ujuzi mnirekebishe.

Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko, linachoka. Linatambaa juu, maji mengine yanazama mchangani, yanayorudi yanarudi kinyonge na punje zinabaki juu. Wimbi hilo hilo likigonga ukuta halina pa kuchokea. Linarudi na nguvu zake karibu zote, linakwangua mguu wa ukuta, mchanga unaondoka na maji. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Miaka ikipita unakuta ufukwe umeshuka, zimebaki kokoto na mawe, na maji yakijaa hakuna pa kukanyaga.

Hilo wengi wanalijua. Ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua ni kwamba balaa kubwa la ukuta haliko upande wa bahari, liko mgongoni mwake. Mchanga wa ufukwe una unakotoka. Mwingine unaletwa na mito, mwingine ni ukingo wenyewe unaomeguka kidogo kidogo, kisha mkondo unaokwenda sambamba na pwani unaubeba na kuugawia fukwe za mbele. Ukiufunga ukingo kwa zege umefunga ghala. Mchanga unaendelea kuondoka kama kawaida, ila hakuna unaoingia.

Mfano unaotajwa sana ni Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Pwani yake ina kilomita kama 4,000, na zaidi ya robo imefungwa kwa kuta, mbao na mawe makubwa. Sehemu kubwa ya mchanga na changarawe za fukwe zile inatoka kwenye kingo za udongo zilizosimama juu ya fukwe hizo hizo. Ndiyo maana kule wameshikia bango suala la kubomoa. Mji wa Burien, kwenye bustani ya Seahurst, ukuta wa miaka ya 1970 uliondolewa kwa awamu mbili, ya pili ikaisha 2014.

Turudi kwetu. Bamba la kwanza lilipoinuliwa, chini yake kulikuwa na mchanga mweusi wenye harufu ya yai viza, na ndani yake magamba ya kombe yamekaa vile vile yalivyofukiwa. Mwendesha kijiko akazima mashine, akashuka kuangalia. Ufukwe wa zamani ulikuwa pale pale, umezikwa chini ya kifusi. Yaani ukuta haukujengwa ufukwe unapoishia. Ulijengwa katikati ya ufukwe, kisha mgongoni wakajaza udongo na kupanda nyasi. Hata kabla wimbi halijaanza kukwangua, nusu ya juu ya ufukwe ilikuwa imeshaliwa siku ya ujenzi.

Picha nitatupia mtandao ukitulia. Karibuni.

#2 KambiPopote

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 FundiZege

Mleta uzi, salamu. Mimi kuta ndizo zimenisomeshea watoto, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza, kuta nyingi mnazozilaumu zilijengwa vibaya tangu mwanzo. Msingi mfupi, matundu ya kutolea maji hakuna, nyuma wamejaza udongo wa mfinyanzi. Mvua inanyesha, maji yanakaa mgongoni hayana pa kutokea, yanausukuma ukuta kutoka nyuma. Siku ukianguka wanasema bahari imeuangusha. Bahari wala haikuwa na habari.

Pili, ninyi mlikuwa na nyasi na mabenchi. Hapo hata mimi ningebomoa. Swali langu: nyumba iko mita sita kutoka ukingoni, mawimbi ya wazi, ukingo wa mchanga mtupu. Utamwambia mwenye nyumba abomoe?

Tatu, swali la kifundi. Msingi mmeung'oa wote? Maana nawajua watu wa vijiko.

#4 MchangaMwepesi

@FundiZege mkuu wangu, karibu sana, wewe ndiye nilikuwa namsubiri.

La mita sita: hapana, simwambii abomoe. Kama nyumba inaweza kusogezwa, ningemwambia apige hesabu ya kusogeza kabla ya hesabu ya ukuta mpya. Watu hucheka wakisikia kusogeza jengo, ila mwaka 1999 mnara wa taa wa Cape Hatteras, North Carolina, Marekani, ulisogezwa kurudi bara karibu mita 880, mzima mzima. Haiwezekani kila mahali, na kuna sehemu ukuta utabaki tu. Seattle mjini, kule kule Puget Sound, hawakuuondoa ukuta wa Elliott Bay, maana barabara na majengo yako juu yake. Walipoujenga upya, kazi iliyomalizika 2017, uso waliufanya wa mikwaruzo na vishubaka ili viumbe vipate pa kushika, chini wakainua sakafu ya bahari maji yawe na kina kifupi, na njia ya miguu ya juu wakaitia vioo ili mwanga ufike majini, kwa sababu watoto wa samaki aina ya samoni wanaogopa kuogelea kwenye giza la ghafla. Huo bado ni ukuta. Sijui kama niuite urejeshaji, ila una adabu kuliko ule wa kwanza.

La matundu umenifundisha, asante. Na kwetu kweli, ufa mkubwa ulikuwa umetokea nyuma kuja mbele.

Msingi: tumeng'oa mita 28. Ule upande wa mwisho, mita kumi hivi, ulikuwa umeshuka chini sana na maji yalikuwa yanarudi. Mwendesha kijiko akasema huo hautaonekana tena maisha. Tukaufukia.

#5 FundiZege

"Hautaonekana tena maisha." Sawa. Tupo.

#6 BintiBahari

Kaka Mchanga, uzi mzuri, ila umeongelea mchanga tu kana kwamba hakuna anayeishi humo. Ngoja niongeze upande wangu, maana ndio ninaousomea.

Kuna samaki wadogo, hao wa jamii ya smelti, hawatagi mayai baharini kama wengi wanavyodhani. Wanakuja na maji yakijaa, wanataga kwenye changarawe nyembamba karibu kabisa na mstari wa juu wa maji, yai dogo kama punje ya mchanga, limejibandika kwenye vijiwe. Maji yakipwa, mayai yanabaki nchi kavu kwa saa nyingi. Yanaishi kwa unyevu na kivuli cha miti inayoinamia ufukwe.

Sasa jenga ukuta. Ile sehemu ya juu ndiyo ya kwanza kupotea, kama ulivyosema. Miti inakatwa ili kijiko kipite na mwenye nyumba aone bahari vizuri. Kilichobaki kinapigwa na jua, na mawe ya ukuta nayo yanarudisha joto. Utafiti uliochapishwa 2006, uliofanyika upande wa kaskazini wa Puget Sound, ulilinganisha ufukwe wa namna hiyo na wa asili uliokuwa na kivuli: wenye ukuta ulikuwa mkavu zaidi na wa moto zaidi, na sehemu ya mayai yaliyokuwa hai ilikuwa karibu nusu ya ile ya ufukwe wa asili. Samaki hao ndio wanaoliwa na samoni, samoni ndiye anayeliwa na nyangumi muuaji wa kule. Mnyororo mzima unaning'inia kwenye kipande cha changarawe ambacho mtu akikiona anasema hapa hapana kitu.

Halafu kuna ule mstari wa mwani mkavu na vijiti ambao bahari huuacha juu. Nenda asubuhi, inua fungu moja polepole. Chini kuna baridi, kuna unyevu, na vijidudu vinaruka kila upande kama viroboto. Hao ni jamaa wa kamba, wanausaga ule mwani usiku kucha, na ndege wanakuja kwa ajili yao. Ufukwe wenye ukuta hauna mstari huo, kwa sababu maji yakijaa yanafika ukutani na kuuchukua wote. Watafiti waliolinganisha jozi 65 za fukwe za kule, wenye ukuta na usio na ukuta jirani yake, walikuta hivyo hivyo: magogo machache, mwani mchache, vijidudu vichache.

Swali: mstari wa mwani umeanza kutokea kwenu?

#7 Mpita_Njia

Dada BintiBahari, huo mwani unanuka. Wageni wakija wanakimbia. Kwa nini tusiufagie tu?

#8 BintiBahari

@Mpita_Njia ukifagia umefagia chakula cha ndege pamoja na mbolea ya majani yanayoshika mchanga. Harufu inakuja ukiwa mwingi, mbichi, umerundikana sehemu moja. Ukikauka haunuki. Kama lazima, safisha njia ya kupita watu, pengine acha. Plastiki ondoa kwa mkono.

#9 MchangaMwepesi

@BintiBahari ndiyo, umeanza! Mwembamba, lakini upo. Wiki ya tatu nilikuta mashimo ya kaa kumi na moja mahali ambapo mwaka jana kulikuwa na zege. Niliyahesabu mara mbili kama mtoto. Na kisiki kikubwa kimeletwa na maji kikakaa chenyewe, nyuma yake mchanga umejaa urefu wa kiganja. Sisi hatukukiweka.

#10 JiraniWaPembeni

Mimi nina kidonda kwenye mada hii, niruhusuni nilie kidogo.

Sikuwa na ukuta. Ukingo wangu ulikuwa na vichaka, unameguka kidogo tu, hata sikuwa nauangalia. Jirani akajenga wake, wima, hadi mpaka wa kiwanja chake. Misimu miwili tu, pale ukuta wake unapoishia ndipo bahari ikaanza kuingia kwangu. Siyo kote, pale tu, kwenye kona, kama imekata kwa kisu. Wimbi linatembea na ukuta, likifika mwisho linajipinda linachimba. Nimepoteza vichaka vyote na mti mmoja.

Nikaita kampuni moja (siitaji) ije ishauri. Jamaa alikaa dakika ishirini, akapima kwa macho, akasema dawa ni na mimi nijenge. Nikamuuliza: na jirani yangu wa upande wa pili? Akasema atampigia na yeye.

Ndivyo pwani inavyofungwa, wakuu. Hakuna aliyekaa akaamua kuifunga. Ni mmoja anamfanya wa pili ajenge, wa pili anamfanya wa tatu. Nimesoma kuwa Marekani, ukiacha majimbo ya mbali (Alaska na Hawaii), asilimia kama 14 ya pwani yote ni ukuta au mawe ya kupangwa.

Na hizo kuta zenyewe siyo kwamba zinahimili. Kimbunga Irene cha 2011 kilipopiga North Carolina, watafiti walikagua kingo za maeneo yaliyo karibu na kilipotua: asilimia 76 ya kuta walizokagua zilikuwa zimeharibika, na kingo zenye majani ya chumvi (yale yanayoota kwenye tope la maji ya bahari) hawakuona uharibifu wa namna hiyo. Majani yalilazwa, yakainuka.

#11 FundiZege

@JiraniWaPembeni pole sana. Huyo aliyekaa dakika ishirini siyo fundi, ni muuzaji. Ukuta wowote lazima ncha zake zirudishwe ndani ya ardhi kwa mkunjo, siyo kukatwa wima mpakani. Hata hivyo nakiri, mkunjo unapunguza tu, hauondoi. Na sikujua hiyo ya North Carolina. Ila hizo ni sehemu za maji ya ndani, mawimbi madogo. Majani ya chumvi hayawezi kukaa kwenye ufukwe wa bahari wazi, tusidanganyane.

#12 JiraniWaPembeni

Kweli mkuu, ni maji ya ndani, na mimi niko kwenye maji ya ndani. Ndiyo maana inaniuma.

#13 MzeeNahodha

Vijana, nawasoma. Mmeongea vizuri.

Mimi nimeishi na bahari umri wangu wote na jambo moja sijalisikia humu. Maji yanapanda. Bamvua la siku hizi linafika ambapo zamani lilifika siku ya dhoruba tu. Sasa mnaondoa ukuta, sawa, ufukwe unarudi. Ukirudi utakaa wapi? Bahari inausukuma ufukwe juu, na juu mna uwanja wenu na mabenchi. Miaka ishirini mbele mtajenga tena?

#14 MchangaMwepesi

Shikamoo mzee wangu. Hilo ndilo lililotugawa kwenye kikao cha kwanza, tulikaribia kukunjana mashati.

Jibu tulilofikia: ufukwe hauzami kwa sababu maji yamepanda, unahama. Ukipata mchanga na ukipata nafasi, unapanda na kurudi nyuma pamoja na maji. Ukikutana na ukuta unabanwa katikati, maji mbele, zege nyuma, hadi unaisha. Kwa hiyo tuliamua uwanja ndio utakaorudi nyuma. Mabenchi tumeyaweka bila zege, yanabebeka na watu wanne.

Waingereza wamefanya jambo hili kwa ukubwa unaotisha. Medmerry, West Sussex, kulikuwa na tuta la changarawe ambalo kila msimu wa baridi ilibidi lirundikwe upya kwa matingatinga, na bado lilikuwa linapasuka. Wakaacha kushindana. Wakajenga tuta jipya la kilomita 7 ndani zaidi, kisha mwaka 2013 wakalitoboa la mbele kwa makusudi bahari iingie. Hekta 183 zikageuka kuwa tope na majani ya chumvi, maji yanajaa na kupwa humo. Ilikula pauni milioni 28, na nyumba 348 zikapata kinga bora kuliko ya mwanzo, kwa sababu wimbi linachoka kwenye lile tope kabla halijafika kwenye tuta.

Walioumia ni wenye mashamba yaliyokuwa katikati. Hilo lisifichwe. Mtu anayekuambia kurudi nyuma hakumgharimu mtu yeyote ujue siyo yeye aliyerudi.

#15 MzeeNahodha

Marahaba. Umejibu. Mabenchi ya kubebeka nimeyapenda.

#16 MpandaMiti

Mbona hamjataja mikoko? Bomoa ukuta, panda mikoko, kazi imeisha.

#17 BintiBahari

@MpandaMiti taratibu kaka. Mikoko inataka tope na maji yaliyotulia. Kwenye ufukwe wa mchanga wenye mawimbi utapanda leo, kesho kutwa unaokota miche. Na hata kwenye tope, kosa kubwa ni kupanda chini mno, sehemu inayofunikwa na maji muda mrefu. Mche unazama, unakufa. Mara nyingi ukiondoa kilichozuia maji kuingia na kutoka, mbegu zinakuja zenyewe zikielea, zinachagua pa kukaa kwa akili kuliko sisi. Kwanza uliza pale kulikuwa na nini kabla ya ukuta. Kama kulikuwa na mchanga, rudisha mchanga.

#18 Karani_wa_Zamani

Kwenye sheria, kwa wanaopenda. Oregon, Marekani, kwa ufukwe wa bahari, ruhusa ya kuweka kinga ngumu kimsingi ni kwa maeneo yaliyokuwa yameshaendelezwa kufikia Januari 1, 1977. Uliyejenga baadaye, ulijua unajenga wapi. Washington nako sheria ya 2021 inamtaka mwenye nyumba anayebadilisha ukuta wake uliochoka achague njia yenye madhara madogo zaidi kwa samaki, ilimradi inawezekana kiufundi. Zamani ukuta ukichoka ulijengwa mwingine pale pale bila swali. Naona hapo ndipo penye nguvu kuliko kukimbizana na kuta mpya, kwa sababu kila ukuta uliopo siku moja utachoka.

#19 Ufuo_Wangu

Mleta uzi tupe hatua mlizopitia. Kuna ukuta kama huo sehemu ninayofanyia kazi na wakubwa wameanza kunisikiliza.

#20 MchangaMwepesi

@Ufuo_Wangu sitakupa orodha maana kila ukingo una tabia yake, nitakusimulia tu, na makosa yetu yamo.

Mwaka mzima wa kwanza hatukugusa kitu, tuliangalia. Mchanga unasafiri kwenda upande gani? Angalia unakojikusanya kwenye magogo na mawe, upande ulioshiba ndio unakotoka. Wimbi kubwa linakuja kutoka wapi, na lina umbali gani wa maji wazi mbele yake? Ukingo unameguka kwa sababu ya bahari au kwa sababu ya maji ya juu? Hili la mwisho lilitushangaza. Kulikuwa na bomba la maji ya mvua limeelekezwa pembeni mwa ukingo, linalowesha udongo mwaka mzima. Nusu ya mmomonyoko tuliokuwa tunaisingizia bahari ulikuwa wa bomba. Tulilihamisha kabla ya kitu chochote.

Kisha tukachimba mashimo matatu nyuma ya ukuta tuone walijaza nini. Usiruke hatua hii. Tulikuta matofali, chupa, na mbao zilizopakwa ile lami ya kuzuia mchwa, ambayo ni sumu kwa viumbe vya majini. Hizo haziachwi ufukweni, zilipelekwa kwenye dampo la taka hatari.

Kubomoa kwenyewe siku nne, kwa kufuata maji yakipwa, kijiko kikiwa juu ardhini na siyo ufukweni. Tuliusubiri msimu wa kutaga upite. Zege lilitolewa lote (nasema lote, @FundiZege acha kucheka), kifusi kikaondolewa hadi tukafika kwenye ule mchanga mweusi, halafu tukalaza ukingo uwe mteremko.

Kosa letu kubwa lilikuwa mchanga wa kuongezea. Ufukwe ulikuwa umefunga njaa miaka mingi, kwa hiyo ulihitaji wa kuanzia. Muuzaji akaleta mchanga laini, mweupe, mzuri wa kupiga picha. Tukaumwaga. Bamvua la kwanza likauchukua karibu wote kwa usiku mmoja, nilifika asubuhi nikakaa chini. Mchanga wa kuongezea uwe na punje sawa na zilizokuwepo au kubwa kidogo. Punje laini inabaki kwenye maji matulivu, kwenye wimbi haina chake. Mara ya pili tuliagiza changarawe mchanganyiko, mbaya wa sura, na huo ndio uliopo hadi leo.

Juu tumepanda mimea ya asili ya hapo hapo, yenye mizizi mirefu. Nyasi za bustani mizizi yake ni ya kidole, hazishiki kitu.

Na msishtuke, wiki za mwanzo ukingo ulikatika ukawa na ngazi ya kimo cha goti. Simu zilinijaa. Ilikuwa ni ufukwe unatafuta mlalo wake. Mwezi wa pili ngazi ikalala yenyewe.

#21 Ufuo_Wangu

Asante sana mkuu. Mnajuaje kama umepanda au umeshuka? Mna vifaa vya kupimia?

#22 MchangaMwepesi

Fimbo mbili na kamba. Sitanii, njia hii inajulikana tangu 1961. Fimbo zote ziwe na urefu sawa, mita moja na nusu inatosha, zichorwe alama za sentimita kutoka juu kwenda chini. Kamba ya mita mbili kati yake. Anza kwenye alama isiyohama, sisi ni kona ya jiwe. Mmoja ashike fimbo ya upande wa bahari, wima. Wewe wa nyuma, inamisha kichwa hadi uone ncha ya fimbo ya mbele imegusana na upeo wa bahari, ile mbingu inapokutana na maji. Mstari huo wa jicho unakata fimbo yako wapi? Soma namba. Hizo ndizo sentimita ambazo ufukwe umeshuka ndani ya mita mbili. Sogea, rudia hadi majini. Ukichora namba hizo umepata umbo la ufukwe. Tunafanya kila mwezi, bamvua likipwa, na picha moja kutoka juu ya lile jiwe.

Siku ya ukungu hufanyi, upeo hauonekani.

#23 BintiBahari

Hii njia naiiba kwa darasa langu.

#24 MchangaMwepesi

MREJESHO. Samahani kwa ukimya, ni mwezi wa tisa sasa.

Tumepata dhoruba ya kwanza ya maana, siku mbili. Ukingo umerudi nyuma kama hatua moja, udongo ulioanguka umeshatawanywa na maji, na fimbo zinasema katikati ya ufukwe pamepanda sentimita 14 kuliko mwezi uliopita. Kile kisiki kimehama, kimekuja kingine. Mwani upo, na ndege wapo asubuhi, wale wa miguu mirefu wanaokimbia kimbia mbele ya wimbi.

Upande wa mwisho, zile mita kumi, mchanga umeshuka. Nilikuwa natembea na fimbo yangu nikajikwaa. Nondo tatu zimesimama nje, zina kutu, zimepinda kuelekea juu, na chini yake uso wa zege kama meza. Tumezungushia kamba nyekundu watu wasiumie.

Kijiko kinakuja wiki ijayo. @FundiZege, una nafasi Jumanne?

#25 FundiZege

Ninayo. Maji yanapwa saa ngapi?